Nani hulipa nauli ya kuhudumia taifa? Uzi kutoka Buruburu

1. Kila baada ya miezi michache hoja hii hurudi: "Vijana wote wapelekwe Gilgil, kwa lazima, wafunzwe nidhamu na uzalendo." Wengine wanajibu: "Tupeni kazi, si kwata." Juzi ikarudi kwenye spesi moja niliyokuwa nikisikiliza, watu wakatukanana saa mbili nzima. Hakuna hata mmoja aliyeuliza swali ambalo mathe huuliza kila Jumapili jioni akiwa na kitabu chake cha hesabu mkononi: na nauli ni ya nani? Uzi huu ni wa hilo swali. Kama kawaida, hapa hatutaji mwanasiasa wala chama. Tunataja miaka na pesa. Twende.

2. Kwa walioingia leo: nasoma sayansi ya siasa, mwaka wa nne, na nimezaliwa Buruburu. Huu mtaa ulijengwa kwa awamu tano, kuanzia miaka ya 1970 hadi mapema miaka ya 1980, uwe wa watu wa mshahara: karani, mwalimu, nesi, mtu wa benki, watu wa kununua nyumba polepole kwa mkopo. Hesabu ya mtaa ilikuwa rahisi. Mzazi ana kazi, mtoto anasoma, mtoto anapata kazi, mtoto anahama. Nyumba iliundwa ya familia moja, na ka-ua kadogo mbele.

3. Leo tembea Phase yoyote uangalie. Ule ua umekuwa ekstensheni. Nyingi zimekodishwa, sawa. Lakini kwa zingine analala kijana wa miaka 24, 27, hata 30, mwenye digrii au diploma au cheti cha NYS, na kila asubuhi anatoka na shati limepigwa pasi kwenda kuhudumu mahali. Mwanagenzi wa afisi ya umma. Mwalimu mwanagenzi. Kuruti aliyemaliza kwata na anangoja kuitwa. Kwa karatasi hao ni watu wazima wanaotumikia taifa. Kwa sufuria, bado ni watoto wa nyumbani.

4. Dai langu ni hili. Mwaka 1964 huduma ya vijana Kenya iliundwa kwa ajili ya kijana asiye na mzazi wa kumshikilia. Leo, sehemu kubwa ya kile tunachoita kuhudumia taifa inawezekana tu kama una mzazi wa kukushikilia. Mambo yaligeuka juu chini, na hakuna siku tulipiga kura kuyageuza. Nitawaonyesha venye ilitokea, hatua kwa hatua, halafu mtaamua kama nadanganya.

5. Tuanze 1964. Uhuru una miezi michache. Nairobi imejaa vijana. Wengine wamefiwa na wazazi wakati wa hali ya hatari, wengine wametoka mashambani kutafuta kibarua, wengine walipigia vyama kampeni ya uhuru na sasa wanauliza: sawa, tumeshinda, sisi tunakula nini? Shule ni chache na kazi za afisi ni za waliosoma. Mwaka huohuo sheria ikapitishwa, na Huduma ya Vijana kwa Taifa, NYS, ikaanza.

6. Mkurugenzi wa kwanza alikuwa Geoffrey Griffin, na hapa historia inakuwa ya Eastlands kabisa. Mnamo 1959 yeye, Geoffrey Geturo na Joseph Gikubu walikuwa wameanzisha Starehe, si mbali na Gikomba, mahali pa kupokea wavulana wa mitaani, wengi wao walioachwa bila mtu na vita vya Mau Mau. Griffin aliongoza NYS hadi 1988 na hakuiacha Starehe. Unaweza kumpenda au usimpende, lakini angalia wazo lenyewe: mtu aliyekuwa akilisha watoto wasio na wazazi ndiye aliyepewa kazi ya kuunda huduma ya vijana wa nchi nzima.

7. Kwa hivyo NYS ya kwanza ilifanya kazi kama mzazi. Kuruti alifika Gilgil akapewa buti, sare, kitanda na chakula. Akapiga kwata. Kisha akapelekwa kujenga barabara na kulima mashamba ya serikali, na baadaye akafunzwa ufundi: umakanika, useremala, uashi, kuendesha trekta. Alipewa na posho ndogo. Kwa mzee aliyebaki kijijini, kuruti alikuwa mdomo mmoja uliopungua mezani. Hakuna aliyemwambia mzee huyo atume nauli ya kila siku ndio mwanawe atumikie nchi.

8. Lakini tusiimbe sifa tu. Januari 1964 wanajeshi walikuwa wameasi katika kambi ya Lanet, karibu na Nakuru. Siku hizohizo wanajeshi waliasi Tanganyika na Uganda pia. Serikali hizi changa zilijua kijana mwenye nguvu asiye na la kufanya ni hatari. Kulisha vijana kulikuwa pia njia ya kuwaweka mahali wanapoonekana. Wema na woga vilipikwa chungu kimoja. Shikeni hilo, kwa sababu tutaionja tena hiyo supu.

9. Vuka mpaka kidogo, kwa sababu Tanzania ndio mfano ambao kila mtu hupenda kuutaja kwenye hii mijadala. Jeshi la Kujenga Taifa, JKT, lilianzishwa Julai 1963. Mwaka 1966 serikali ikataka wahitimu wa vyuo waende kwa lazima. Baada ya miezi ya kambini wangefanya kazi zao za kawaida mwaka mmoja na nusu huku wakilipwa asilimia 40 tu ya mshahara. Wanafunzi wa Chuo Kikuu Dar es Salaam wakaandamana tarehe 22 Oktoba 1966 hadi Ikulu kupinga.

10. Rais wa wakati huo aliwasikiliza, akakasirika, akatangaza anapunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20. Halafu akawatimua chuoni zaidi ya wanafunzi mia tatu. Adhabu ilikuwa gani? Kurudishwa nyumbani kwa wazazi. Fikiria hapo kidogo. Wengi walirudishwa chuo mwaka uliofuata, lakini ujumbe ulikuwa umefika: serikali inakusomesha, serikali ndiyo inakudai, na ukikataa deni tunakurudisha kwa baba yako. Mzazi alikuwa mahali pa kutupwa, si mfadhili wa mpango. Na tofauti na bosi wengi wa leo, yule aliyedai wengine wajinyime alianza na mfuko wake.

11. Turudi Nairobi. Tarehe 1 Agosti 1982, wanajeshi wa anga walijaribu kupindua serikali. Kambi moja ya anga iko Eastleigh, hapo tu, ukisimama Buruburu unaweza karibu kuinyooshea kidole. Baadhi ya wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Nairobi walitoka kushangilia. Chuo kikafungwa kwa takriban mwaka mmoja. Kisha, mwaka 1984, likaja agizo: yeyote aliyechaguliwa kwenda chuo kikuu lazima apitie NYS kwanza. Ile supu ya 1964, wema na woga, ikapashwa moto tena. Safari hii woga ulikuwa mwingi zaidi.

12. Buda alipita huko 1986, baada ya Form Six. Babu alikuwa mtu wa reli, wakiishi Makongeni. Anasema babu alimnunulia taulo, mche wa sabuni na blanketi, akampa shilingi mia, wakapanda treni hadi Gilgil, kwa sababu mtu wa reli hakosi treni. Walipofika, babu akamwambia: "Mimi nimekufikisha. Kuanzia hapa wewe ni wa serikali." Buda anasimulia huku akicheka, lakini kila mara namwona akinyamaza kidogo baada ya hiyo sentensi. Anasema alichukia kuamshwa alfajiri, alichukia kupigiwa kelele, na hata leo hawezi kuona uji wa kambini kwa ndoto. Na bado anasema hawakuibiwa.

13. Kwa nini hawakuibiwa? Kwa sababu upande wa pili wa mapatano ulikuwepo. Ukimaliza kwata unaingia chuo, serikali inalipa karo, na juu yake unapewa pesa za matumizi, zile walizoziita boom. Buda alikuwa anatuma nusu ya boom Makongeni kusaidia wadogo zake. Soma tena hapo: mwanafunzi alikuwa anasaidia wazazi. Alipomaliza, kazi ilikuwa inamngoja, na miaka michache baadaye akaanza kulipia nyumba Buruburu. Amri ilikuwa kali na nia ya serikali haikuwa safi, lakini ahadi ilikuwa na tarehe ya kulipwa.

14. Kitu kingine cha 1986 ambacho wazee wa Eastlands bado wanakitaja: mabasi ya Nyayo. Yalianza mwaka huo, na madereva na makondakta walikuwa vijana wa NYS ndani ya sare. Ukipanda unalipa kidogo, unapata tiketi, na hakuna mtu wa kukusukuma mlangoni. Kampuni ilikuja kuanguka katika miaka ya 1990. Lakini kwa muda ule, huduma kwa taifa ilikuwa kitu unachoweza kukipanda ukaenda kazini, na kijana aliyeitoa alikuwa na gari la kuendesha, si cheti cha kutembeza.

15. Sasa tufike mahali kamba ilikatika. Huu mpango wa lazima kabla ya chuo ulikufa muongo wa tisini ulipokuwa unaingia. Watu wengi hudhani hiyo ndiyo ilikuwa nafuu ya wazazi. Kumbe ilikuwa kinyume. Mwaka 1991 serikali, ikibanwa na masharti ya wakopeshaji wa nje, ikaleta mfumo wa kugawana gharama vyuoni. Boom ikaondoka. Mzazi akaanza kulipa. Mwaka 1995 ikaanzishwa HELB. Ajira serikalini ikafungwa karibu kabisa, na mwishoni mwa muongo huo hata mwalimu aliyehitimu hakuwa tena na uhakika wa kuajiriwa.

16. Weka hayo pamoja. Ndani ya miaka kumi, taifa liliacha kulipa karo, likaacha kutoa pesa za matumizi, likaacha kuahidi kazi. Kitu kimoja tu halikuacha: kudai. Bado tuliambiwa tuwe wazalendo, tujitolee, tusichague kazi. Upande mmoja wa mapatano uliondoka usiku bila kuaga, na aliyebaki kujaza lile pengo ni mtu mmoja tu. Mzazi.

17. Mwaka 2014 NYS ikapigwa rangi upya. Idadi ya makuruti ikapandishwa kutoka maelfu machache kwa mwaka hadi zaidi ya 20,000, na vijana wa mitaa kama Kibera wakaajiriwa kusafisha, kujenga vyoo na barabara za mtaa wao wenyewe, na kuweka akiba kwenye sako. Kwa haki, kuna watu mtaani walionja pesa yao ya kwanza hapo. Halafu 2015 likalipuka sakata la shilingi milioni 791. Mwaka 2018 likalipuka lingine, makumi ya maafisa na wafanyabiashara wakapelekwa kortini. Sitaingia kesi zenyewe, kila mtu ana timu yake. Nataka tu mjiulize: pesa za vijana zikipotea, kijana hurudi wapi kula? Jibu mnalijua. Yule mzazi hakuwa kwenye kesi, lakini fidia alilipa yeye.

18. Ningependa pia mtaje Kazi Mtaani, ya 2020, wakati wa korona. Awamu ya kwanza kijana alilipwa shilingi 653 kwa siku, baadaye ikashuka hadi 455. Si pesa nyingi, na kazi ilikuwa kufagia na kuzibua mitaro. Lakini ililenga mitaa ya mabanda, na ililipa kwa siku ulizofanya. Rafiki zangu wa Kiambiu wanasema ile pesa ndiyo ilinunua unga nyumbani miezi ile wazazi wao walikuwa wamesimamishwa vibarua. Kwa hivyo msituambie haiwezekani kulipa kijana anayehudumu. Ilifanyika, tena mwaka mbaya kuliko yote.

19. Sasa wanagenzi. Madaktari waligoma siku 56 mwaka 2024, na kiini kimoja cha mgomo kilikuwa malipo ya madaktari wanagenzi: mkataba wa 2017 ulisema takriban shilingi 206,000 kwa mwezi, serikali ikasema ina 70,000. Walimu wanagenzi wa sekondari msingi, zaidi ya 46,000, walikuwa wanapewa shilingi 20,000, na baada ya makato wanabaki na kama 17,000. Aprili 2024 mahakama ya kazi ikasema kumtumia mwalimu aliyehitimu na kusajiliwa kama mwanagenzi ni kumkosea haki. Mwaka 2025 wale 46,000 wakathibitishwa kazini. Kisha kundi jipya likaingia kwa mfumo uleule wa uanagenzi.

20. Shilingi 17,000. Mwalimu wa kutoka Buruburu akipelekwa kaunti ya mbali alipe nyumba, ale, anunue maji, apande boda kwenda shule, arudi nyumbani likizo. Haitoshi, na kila aliyepanga hiyo bajeti alijua haitoshi. Sasa mbona watu walienda na wakafundisha? Kwa sababu kila mwezi kuna M-Pesa inatoka kwa mama au baba. Yaani darasa la mtoto wa Turkana linafadhiliwa na mama wa Buruburu kwa pesa za ekstensheni. Hiyo ni kodi, wasee. Haina risiti tu.

21. Nije kwangu. Kaka yangu mkubwa alipata nafasi ya uanagenzi kwa afisi fulani ya umma, sitaitaja. Barua ilisema atapewa posho kila mwezi. Miezi mitano ya kwanza haikuingia. Mathe ana kitabu kidogo cha mistari anachoandika kila kitu, na nimeruhusiwa kukinakili. Nauli asubuhi 80, jioni 100, ikinyesha ni kuomba Mungu. Chakula 120. Bando 50, kwa sababu afisi haina intaneti ya wanagenzi lakini kazi inatumwa kwa simu. Jumla 350 kwa siku. Siku 22 kwa mwezi ni 7,700. Miezi mitano ni 38,500. Hapo hajanunua kiatu.

22. Jioni moja kaka akasema, kwa sauti ya chini, ati ataacha kwa sababu anaona aibu kuomba nauli akiwa na miaka 26. Mathe hakuinua macho kutoka kwa kitabu. "Wewe unasema hii ni kazi ya serikali. Sasa mbona mwajiri ni mimi?" Tukacheka wote. Halafu akatoa noti mbili za mia na moja ya hamsini, akaweka mezani, akatafuta ile mia iliyobaki kwa mkoba. Hakuacha. Posho ilikuja mwezi wa sita, yote kwa mkupuo mmoja. Siku hiyo kaka alinunua kuku, na mathe akaandika hata huyo kuku.

23. Lakini uzi huu haukuandikwa kwa sababu ya kaka. Umeandikwa kwa sababu ya rafiki yake. Waliripoti siku moja, afisi moja, barua zilezile. Yeye anatoka Kiambiu, mama yake anauza mboga. Wiki mbili za kwanza alitembea kwa miguu hadi tao na kurudi, akifika ananuka jasho, akiona haya kukaa karibu na watu. Wiki ya tatu akaenda mjengo, wanakolipa jioni. Kwa rekodi za afisi imeandikwa aliacha kwa hiari yake. Nafasi yake ikapewa mwingine. Kaka sasa ana cheti cha uzoefu wa mwaka mmoja. Yule mwingine ana mabega.

24. Hapo ndipo jambo lote lilipo. Huduma isiyolipwa au inayolipwa mwishoni haichuji vijana kwa bidii wala kwa uzalendo. Inachuja kwa mzazi. Wawili walio na alama sawa wanaingia, anatoka yule ambaye nyumbani kuna ekstensheni. Halafu miaka mitano baadaye tangazo la kazi linasema "uzoefu wa miaka miwili", na tunashangaa kwa nini afisi za umma zimejaa watoto wa mitaa ileile. Yule kijana wa 1964 asiye na mtu, ambaye Gilgil ilifunguliwa kwa ajili yake, leo angeshindwa na nauli ya wiki tatu.

25. Kwa haki ya NYS yenyewe: bado inalisha na kuvisha makuruti wake. Jirani yetu alipoitwa, mama yake alikwenda Kamukunji kwa mafundi wa jua kali akanunua sanduku la bati, akalijaza, na baada ya hapo binti hakuomba chakula nyumbani. Tatizo lilianza alipomaliza. Serikali imetangaza kwamba asilimia 80 ya wanaoingia vikosi vya usalama watoke NYS, kwa hivyo anangoja. Kungoja kuna gharama, na hakuna idara ya kungoja kwenye bajeti. Sanduku liko chini ya kitanda chake cha zamani, kwao.

26. Na msinitajie nchi zingine kama mbingu. Tanzania ilirudisha JKT ya lazima kwa wanaomaliza kidato cha sita mwaka 2013, baada ya kuisimamisha 1994. Lakini soma matangazo yao ya wito: kijana aje na bukta ya bluu iliyokolea, fulana ya kijani, raba, shuka, soksi nyeusi, na nauli. Nani unadhani huenda dukani kununua hiyo bukta? Nigeria ina mpango wa mwaka mmoja tangu 1973, ulioanzishwa baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe ili vijana wahudumu mbali na kwao. Kule angalau posho imewekwa wazi, na watu hubishana hadharani ikipitwa na bei ya chakula. Hicho ndicho tunachokosa sisi: hata kubishana juu ya kiasi.

27. Nimesikia majibu matatu. La kwanza: "Mzazi kusaidia mtoto ni mila yetu." Kweli, na sitaki iishe. Lakini mila ni ya familia. Serikali haifai kupanga bajeti yake juu ya mila za watu bila kuwauliza. La pili: "Mkidekezwa mtabaki kwa mama hadi mfike 40." Mcha mwana kulia hulia yeye, nakubali. Ila kaka hakuomba pesa za kulala. Aliomba za kufika kazini. La tatu: "Hakuna pesa." Hilo lingeniumiza zaidi kama mwaka 2015 na 2018 hazingekuwepo.

28. Kwa hivyo siku nyingine mtu akisimama kwenye mdahalo, wa upande wowote, akasema vijana wahudumie taifa, usimuulize kama anapenda nchi. Muulize manne. Moja: posho ni ngapi, na inatosha nauli na chakula cha mji atakaopelekwa? Mbili: italipwa lini, kila wiki, kila mwezi, au wakijisikia? Tatu: siku ya mwisho ya huduma kuna nini mlangoni, kazi, mkopo wa vifaa, au mkono wa kwaheri? Nne: kijana wa Kiambiu na wa Buruburu wakianza siku moja, wote wawili watafika mwisho? Akishindwa na la nne, huo ni mpango wa watoto wa wenye nyumba, hata akiufunika kwa bendera.

29. Buda alisoma rasimu ya uzi huu jana. Akasema nimekuwa mpole sana kwa kambi ya 1986, na mkali kiasi kwa waliokuja baadaye. Labda. Nikamuuliza kama yeye angeweza kumwambia kaka maneno ya babu pale Gilgil, kuanzia hapa wewe ni wa serikali. Akafikiria. "Ningemwambia," akasema, "lakini ningemwachia na nauli." Mathe akiwa jikoni akauliza tunaongea juu ya nauli gani tena.

30. Mwisho wa uzi. Kama ulihudumu mahali, NYS, darasani, hospitalini, afisini, andika mambo mawili tu: mwaka, na nani alikulipia nauli. Usitaje jina la mkubwa wala la afisi. Nitayapanga kwa miaka tuone ile kamba ilikatika wapi kwa kila mtaa. Na kama mzazi wako bado ana kitabu kama cha mathe, mwombe akuonyeshe. Hiyo ndiyo bajeti ya taifa ambayo haijawahi kusomwa bungeni.